Nilishona Ngozi, Sikuvaa

Ninyi vijana mnaokuja Hallunda siku za Jumamosi kujifunza Kiswahili, mwalimu wenu ameniomba niwaandikie habari za kazi niliyoifanya hapa Stockholm. Nilimwambia mimi niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nilivuka kwa kusukumwa mgongoni. Akasema, andika hivyohivyo unavyoongea. Basi mkiona nimetoka barabarani nikaingia kwenye shamba la watu, nisubirini hapohapo, nitarudi. Neno msilolielewa muulizeni mama nyumbani, na akiwajibu msimrudishie kwa Kiswidi.

Nilikuwa fundi wa makoti ya manyoya. Miaka thelathini na moja nilishuka ngazi tatu kila asubuhi kuingia chumba kilicho chini ya usawa wa barabara, dirisha lake halionyeshi kitu ila viatu vya wapita njia, nikatoka jioni na manyoya puani. Makoti ya mbweha, ya kondoo, ya yule mnyama mdogo anayefanana na nguchiro ambaye matajiri wa zamani walimpenda mno. Nimeshona, nimebomoa, nimefufua yaliyokufa. Lakini sikuvaa hata moja, hata la kujaribu. Na sababu yake ndiyo jambo nililopaswa kumwambia mdogo wangu Juma tangu tukiwa watoto, nikakaa nalo zaidi ya miaka sitini.

Ila tuanze na kazi, maana ndiyo niliyoombwa.

Ngozi ya manyoya haikatwi kwa mkasi. Wiki yangu ya kwanza mimi nilichukua mkasi, nikakata kwa juu, kwenye manyoya, kama mtu anayekata kanga. Yakamwagika chini kama unga. Bosi wangu alikuwa Mgiriki, mzee Thanasi, mnene, mikono yake yenyewe ina nywele kuliko bidhaa. Alitazama ile ngozi, akanitazama mimi, akasema kwa Kiswidi chake kilichokuwa kibovu kuliko changu, "Hongera, Tatu. Tumepata panya mwenye upara." Kisha akanionyesha. Unageuza ngozi, unaishika hewani isiguse meza, unakata kwa wembe upande wa nyama, taratibu, wembe unapita ngozi tu na manyoya yanaachana yenyewe bila kuumia. Ukimaliza hakuna atakayeona umekata wapi.

Ukitaka kujua ngozi nzima au mbovu, usiiangalie, ipulize. Manyoya yakifunguka utaona shina. Na manyoya yana njia. Pitisha mkono: upande huu yanalala, upande huu yanakukatalia. Mimi niliwahi kushona mkono mmoja wa koti juu chini. Yule mama alipolijaribu akainua mkono kusimamisha teksi ya kufikirika mbele ya kioo, mkono ukasimama wote kama paka aliyemwona mbwa. Thanasi alimwambia ndiyo mtindo mpya wa Paris. Yule mama alifikiria kidogo, akasema hapana.

Huyu Thanasi kwao wote ni mafundi wa ngozi, kijiji kizima, na ukoo wao haukuwa na uwezo wa kununua ngozi nzima. Waliishi kwa kushona vipande vilivyotupwa na wengine: miguu, mikia, masikio. Anaunga kipande na kipande mpaka anapata shuka, ukilipuliza huoni mshono. Alinifundisha hivyo. Aliniambia mimi na wewe, Tatu, ni watu wa vipande.

Sasa koti likiisha, lazima mtu alivae, fundi aone bega linakaaje. Siku ya kwanza Thanasi alilifungua nyuma yangu, kama wanaume wa huku wanavyowashikia wanawake makoti, akangoja niingize mikono. Nikasikia kile kitu kizito cha baridi kinagusa mabega. Nilipanda zile ngazi tatu kwa hatua moja. Nilijikuta barabarani mwezi wa Januari na blauzi. Akanifuata na kikombe cha kahawa na koti langu la kitambaa, akasimama nami hapo mpaka nikamaliza kahawa. Tukarudi ndani. Tangu siku hiyo alikuwa anavaa yeye. Mtafikiria nawatania, lakini nimemwona mzee yule na tumbo lake amejibana ndani ya koti jeupe la bibi harusi, anajigeuza mbele ya kioo, ananiuliza, "Nyuma nimekaaje?" Namwambia unafanana na mama mkwe wangu. Anasema basi mama mkwe wako ni mrembo.

Tulicheka sana mle. Nasema hivyo mjue, maana huko ninakokwenda sasa hakuna kicheko.

Hapo Hallunda, kwenye chama chetu cha Waswahili, mmewasikia wazazi wenu wakikaa kwenye chai. Waganda wana watu wao wanaogeuka wanyama, Wakongo wana wao, Wakenya nao wanadai kwao ndiko kwenyewe, kila mmoja anataka wa kwao awe mkali zaidi. Mimi huwa nanyanyuka nikaoshe vikombe. Wanasema Bi Tatu wa Singida hana hadithi. Ninazo. Nilipewa na shangazi yangu, dada yake baba, aitwaye Zaina, aliyetulea mimi na Juma baada ya mama kufa na baba kwenda mashamba ya mkonge na kukaa huko.

Kwetu habari hizi hazikuwa za kusimuliana barazani. Zilitoka kwa shangazi kwenda kwa watoto wa kaka yake, asubuhi ya baridi, mikono ikiwa na kazi. Shangazi anapepeta uwele, sisi tunachambua, anasema bila kututazama. Alisema wapo watu wanaovaa ngozi ya fisi na kutembea nayo. Yeye hakutamka fisi, alisema "yule wa nje". Alisema ile ngozi hainunuliwi, hurithiwa ndani ya nyumba, mkubwa humvisha mdogo mabegani, na ukishaikubali begani haitoki. Ndiyo maana mtoto wa kwetu hakujifunika ngozi ambayo hakupewa na mtu wa kwao kwa mkono wa kulia. Alitufundisha jinsi ya kumtambua: hageuki akiitwa kwa nyuma, hapiti kwenye majivu. Na kila alipomaliza tulipaka majivu viganjani tukanawa.

Kulikuwa na sharti moja kubwa kuliko yote. Maneno yale hayatoki nje ya nyumba, na hayawekewi jina la mtu. Juma, alikuwa na miaka saba na mdomo mrefu, akauliza sasa tukimwona je? Shangazi akaweka ungo chini. Hilo tu ndilo aliloliwekea ungo chini.

"Mkimwona mjue, basi. Msimtaje," akasema. "Ukishamtaja mtu, hata kama si yeye, ameshakuwa."

Mimi nilikuwa na miaka tisa.

Mwaka ule upepo wa mwezi wa saba ulikuwa wa kukata masikio. Shangazi alikuwa na ng'ombe mmoja mwenye mimba kwenye zizi la ng'ambo ya korongo, na alikuwa anaamka kabla hatujaamka kwenda kumwangalia. Alijifunika ngozi ya ndama aliyopewa na baba yake, maana blanketi letu lilikuwa moja na alituachia sisi. Nilimwona asubuhi akirudi, jua ndiyo linachungulia, ameinama kwa upepo na ile ngozi mgongoni. Nilijua ni shangazi. Nilijua anatoka zizini. Sikuwa na hofu hata kidogo. Hilo nataka mlielewe, maana ningekuwa niliogopa ningejisamehe.

Kisimani kulikuwa na foleni, wasichana wakubwa wanasimuliana. Mbuzi walikuwa wanaliwa na fisi msimu ule, na mtoto wa jirani alikuwa amekufa kwa homa. Kila msichana ana lake, bibi yake kaona hiki, mjomba wake kaona kile. Mimi hakuna aliyenitazama. Nikasema, "Shangazi yangu huja alfajiri na ngozi mgongoni." Wote wakanigeukia. Mmoja akanipisha kwenye foleni nichote kwanza, nami nikawaongezea ya majivu na ya mabega. Nilirudi nyumbani na ndoo imejaa, ninaona fahari.

Siku ya nne walikuja, asubuhi, shangazi yuko kwenye kinu. Walikuwa majirani, watu waliokula kwetu. Waliitoa ile ngozi ndani, wakaitia nyumba yetu moto, wakaitupa ngozi humo. Walimwambia aondoke na asigeuke. Alitutazama sisi wawili. Mimi alinitazama zaidi. Alijua, kwa sababu asubuhi zile ni mtoto mmoja tu aliyekuwa macho, na wale watu walikuwa wanasema maneno ya ndani ya nyumba yetu, majivu, mabega. Wakamuuliza tena na tena mwenzake ni nani, nani kamrithisha, atakayemrithi ni nani. Hakutaja mtu. Akashika njia ya kaskazini na kanga moja kwenye upepo ule, na nyuma watu wakawa wanamwita kwa jina, Zaina, Zaina, kumjaribu kama atageuka. Walikuwa wamemkataza kugeuka, na asipogeuka ndiyo ushahidi. Hakugeuka.

Baada ya wiki tatu wachunga ng'ombe walileta habari kwamba wageni walimzika kando ya njia. Yule ng'ombe alizaa siku ya tatu tangu shangazi aondoke. Jike.

Siku ile ile ya moto mjomba alikuja kutuchukua kwake. Mimi sikuingia ndani. Nilikaa nyuma ya ghala lake mchana kutwa, nimekunja magoti, na Juma alikuwa anatoka kila saa ananitafuta. Aliponiona aliniambia, "Dada, ingia, nje baridi." Sikuingia mpaka waliponibeba.

Juma alikua akawa fundi umeme, akaja Sweden kwa mafunzo, akabaki, akaniita mimi. Yeye alikaa mtaa wa Hallonbergen, mimi Hagsätra, upande wa pili wa mji. Miaka yote tulikula Idd pamoja, na kila Idd, nyama ikiwa mezani, lazima aseme, "Yule aliyemtaja shangazi. Sitaki kumfanya kitu, dada. Nataka jina tu, nijue." Mimi nakata nyama. Mara moja niliikata mpaka mke wake akaniuliza kama nataka kutengeneza kababu.

Mnaelewa sasa kwa nini Thanasi alivaa makoti mwenyewe. Watu wangefikiri niliogopa fisi. Niliogopa kitu kimoja, kwamba nikiweka ngozi begani nitajiona kwenye kioo nimeinama kama yeye.

Nirudi kazini kidogo, nipumue. Kazi yetu iliisha polepole. Watu wa huku waliacha kuvaa manyoya, wenye nayo wakaanza kuyaficha. Miaka ya mwisho hatukushona koti jipya hata moja. Walikuja watu na makoti ya mama zao waliokufa, wanataka tuyageuze mito ya kochi, au dubu wa watoto. Nimewageuza kina mama wengi kuwa dubu, Mungu anisamehe. Alikuja dada mmoja, mtu wa makamo, na koti la kahawia. Nikamwambia nitapima, nitabomoa mshono wa mgongo. Akaomba alivae mara moja tu. Akalivaa, akanusa ukosi, akajitazama kwenye kioo kwa muda mrefu, akasema, "Sasa mimi ndiye mama." Akaita teksi akaondoka nalo, hatukubomoa kitu. Nikafikiri, kumbe na hawa wanajua ngozi hurithiwa.

Thanasi alikufa, duka likafungwa, nikastaafu. Aliniachia sanduku la wembe wake na mifuko ya vipande.

Na Juma akaanza kusahau. Kwanza alisahau Kiswidi. Fikirieni, miaka arobaini ya Kiswidi kikaondoka kama koti la kuazima. Mke wake alikuwa ameshafariki, watoto wako mbali, wakamweka kwenye nyumba ya wazee palepale Hallonbergen. Manesi hawakumwelewa, isipokuwa mmoja, Mireille, binti wa Bukavu, ambaye Kiswahili chake ni cha kwao. Alhamisi nachukua treni ya chini mpaka mjini, nabadilisha, napanda ile ya njia ya buluu, nafika na mandazi na chupa ya chai.

Alhamisi moja akaniuliza lile swali, mchana mweupe, bila nyama mezani. Nani alimtaja shangazi. Nilimtazama, nikaona huyu mtu anaondoka, na mimi nitabaki na jina mdomoni.

Nikamwambia, "Ni mimi, Juma. Nilisema kisimani."

Alisukuma kikombe cha chai mbali naye. Kisha akasema, "Toka." Hakuna kingine. Nikatoka. Kwenye treni nililia, mtoto mmoja akanipa tishu.

Alhamisi iliyofuata nilikwenda tena. Akanipokea kwa furaha, "Dada! Mandazi yako wapi?" Alikuwa hana habari. Tukala. Na alipomaliza kufuta mdomo akauliza, nani alimtaja shangazi. Nikasema tena. Akageukia ukuta. Na Alhamisi ya tatu hivyohivyo, safari hiyo alilia, kilio cha mtoto wa miaka saba.

Mireille akaniita koridoni. "Mama Tatu, pardon, minakuomba. Usimwambie tena. Anasahau maneno, lakini uchungu iko inabakia. Ukienda, siku muzima hakule."

Alikuwa na haki. Wiki ile Juma alipouliza nikasema sijui. Akatikisa kichwa, akasema hata yeye hajui, akala mandazi manne. Nilirudi Hagsätra mwepesi kabisa, na nilipofungua mlango wangu nikaona nimemkana shangazi mara ya pili. Sasa ungefanya nini? Ukisema unamtesa asiyeweza kukumbuka kwamba alishakuadhibu. Ukinyamaza unajificha nyuma ya ugonjwa wake. Wiki nyingi nilikuwa nasema sijui.

Wakati huo alikuwa analalamika baridi. Wamemfunika, kipasha joto kinawaka, yeye anasema baridi. Nikatoa mifuko ya Thanasi. Nikachagua vipande vya kondoo, vya kahawia na vyeupe, nikavipuliza kimoja kimoja, nikaangalia njia zake zote zielekee chini, nikashona kwa mkono kwa sababu sina tena mashine. Vidole viliniuma. Likatoka shuka la kumfunika magoti, na mimi fundi nawaambia, ukilipuliza huoni mshono.

Alhamisi ile ilikuwa na theluji ya upepo. Natoka kituoni, mkono huu chupa, mkono huu mandazi, lile shuka limenielemea kwapani na linataka kudondoka. Hakukuwa na njia nyingine. Nikasimama, nikalitupa mabegani, nikainama kwa upepo, nikatembea. Nikisema sikuogopa nitakuwa muongo. Lakini lilikuwa na joto. Hilo sikulijua, miaka thelathini na moja ya kuwashonea wengine. Nikafikiri, basi kumbe alikuwa na joto asubuhi zile. Angalau hilo.

Nikaingia chumbani kwake hivyohivyo, sina mkono wa kulivua. Juma alikuwa ameketi dirishani. Akageuka, akaniona, uso wake ukafunguka kwa namna ambayo sijaiona tangu udogoni.

"Shangazi," akasema, kwa lugha ya kwetu. "Umerudi."

Mireille alikuwa anatandika kitanda, akasimama. Ningeweza kuitikia. Ningesema ndiyo, nimerudi, nimewasamehe wote. Midomo ilikuwa tayari, na shangazi hakuwapo wa kunikatalia. Nikamwambia hapana. Nikasema, "Shangazi hakurudi, Juma. Ni Tatu ndiye aliyemtaja. Alikuwa na miaka tisa. Hakuogopa, alitaka tu kusikilizwa."

Sijui kwa nini nilijitaja kama mtu mwingine. Labda kwa sababu yule mtoto namwona kwa mbali, kule nyuma ya ghala.

Juma aliniangalia, yaani alimwangalia shangazi. Akafikiri. Nilingoja lile neno lake, toka.

"Yuko wapi?" akasema. "Mwambie aingie. Nje baridi."

Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya chumba. Nikaweka chai na mandazi mezani. Nikatoka mpaka koridoni, nikavua ile ngozi, nikaikunja kwenye kiti. Kisha nikabisha hodi.

"Karibu, dada," akasema Juma. "Umechelewa."

Nikaingia.